Ukibaki Peke Yako Zahanati: Muuguzi na Mipaka ya Leseni Yake

Zahanati nyingi za vijijini mkoani Iringa zina siku ambazo tabibu hayupo. Ameitwa kikao Kilolo, amefuata dawa Mafinga, yuko likizo, au alihamishwa zamani na mbadala wake hajaletwa. Anayebaki na funguo ni muuguzi. Saa 2 asubuhi benchi limeshajaa: mama mwenye mtoto wa homa, mzee anayefuata dawa za presha, kijana aliyejikata na panga shambani, wajawazito wa kliniki. Wote wanamwita dokta. Naye anafungua dirisha na kuanza kazi, kwa sababu kuwarudisha watu waliotembea kwenye ubaridi na utelezi wa milima ya Udzungwa ni jambo gumu kwa mtu yeyote aliyeingia kazi hii kwa moyo.

Katika kazi hizo za asubuhi moja, zipo ambazo ni za muuguzi kwa sheria, zipo ambazo ni zake kwa sababu amefundishwa na kukabidhiwa, na zipo ambazo hana ruhusa nazo hata kama anazijua vizuri. Ukimuuliza zipi ni zipi, mara nyingi atajibu, "Hapa tunafanya tu." Jibu hilo linatosha mpaka siku mgonjwa anapofariki na ndugu zake wakaenda polisi. Siku hiyo kila mtu anataka kuona karatasi, na aliyekutuma kwa mdomo hakumbuki kwamba alikutuma. Nawaandikia wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hasa wale wa cheti na diploma wanaopangwa zamu ya usiku peke yao, namna ya kujua mamlaka yenu yanaanzia na kuishia wapi, na namna ya kuyaweka kwenye maandishi mapema.

Karatasi zinazokupa mamlaka

Ya kwanza ni leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1997, inasema wazi kwamba cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumgusa mgonjwa. Ni lazima uwe umesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na uwe na leseni iliyo hai. Toa yako leo uisome. Angalia tarehe ya mwisho. Angalia kama imeandikwa uuguzi peke yake au uuguzi na ukunga. Angalia pia kama wewe ni wa rejesta, yaani mwenye diploma au zaidi, au ni wa orodha, yaani mwenye cheti, kwa sababu mipaka ya utendaji ambayo Baraza limeiweka hailingani kwa makundi hayo mawili. Leseni iliyokwisha muda wake inageuza hata kazi uliyoifanya kwa usahihi kuwa kosa, na aliyechelewa kuihuisha kwa sababu hakukusanya alama za mafunzo endelevu hana mtu wa kumlaumu.

Sheria ya pili si ya kwetu, lakini inatuhusu sana. Ni Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Daktari, tabibu na tabibu msaidizi wanasimamiwa kwa sheria hiyo, chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kupima mgonjwa, kuamua anaumwa nini na kumwandikia dawa ni kazi iliyojengwa juu ya sheria hiyo. Muuguzi anapoifanya hafanyi kwa leseni yake tupu. Anahitaji daraja la kumvusha.

Daraja hilo ni miongozo ya Wizara ya Afya. Mwaka 2016 Wizara ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu katika sekta ya afya, unaoeleza kazi ambazo kada ya juu inaweza kuzigawa kwa kada iliyo chini yake na masharti ya kufanya hivyo. Pamoja nao kuna miongozo ya huduma mojamoja: VVU, uzazi wa mpango, malaria, huduma za dharura za uzazi. Kila mmoja unataja nani anaruhusiwa kufanya nini baada ya mafunzo gani.

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima na kutibu mwenyewe. Kada hiyo leo ina leseni yake. Katika majimbo mengi inaandika dawa na kufungua kliniki bila daktari juu yake, na katika mengine bado inalazimika kuwa na mkataba na daktari. Uganda, jirani zetu, walifungua mlango mdogo lakini wa maana: tangu mwaka 2004 muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa anaruhusiwa kisheria kuandika mofini kwa mgonjwa wa saratani. Kwetu mlango umefunguliwa kazi kwa kazi. Kwa hiyo swali la muuguzi wa Tanzania, "Je, naruhusiwa kutibu?", halina jibu moja. Uliza hivi: kazi hii, kwa mgonjwa huyu, kwa mafunzo niliyonayo, mwongozo upi unanitaja?

Iringa imewahi kuonyesha njia

Mkoa wetu unajua kugawana majukumu kuliko mikoa mingi, na sababu yenyewe ni chungu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Iringa na maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima, Njombe asilimia 12.7 na Mbeya asilimia 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Hakuna idadi ya madaktari ambayo ingeweza kubeba mzigo huo.

Tohara kwa wanaume ilipoletwa kama kinga, kampeni ya mwaka 2010 katika Iringa ya wakati ule, ambayo Njombe ilikuwa bado ndani yake, ilitahiri wanaume na vijana zaidi ya 10,000 ndani ya wiki 6. Katika huduma ile wauguzi walishika kisu. Upasuaji, kazi ambayo mtu angeapa kwamba ni ya daktari peke yake, ulifanywa na wauguzi mbele ya macho ya serikali, na hawakuwa wanavunja sheria, kwa sababu walifundishwa kazi hiyo moja mpaka wakaimudu, wakafanyiwa tathmini, wakafanya kazi pamoja na mtu wa kumwita jambo likiharibika, na kila mteja aliandikwa. Ndivyo ilivyo pia kwenye kliniki za tiba na matunzo, ambako leo muuguzi aliyefunzwa anaanzisha dawa za kufubaza VVU, anamfuatilia mgonjwa, na anajaza faili la CTC 2 kwa jina na saini yake.

Pima kila kazi unayoifanya kwa vipimo hivyo hivyo. Nimefundishwa? Mwongozo unaitaja kada yangu? Yupo msimamizi ninayemjua kwa jina? Nimeandika? Kazi inayopita kote ni yako, na usikubali mtu akakutisha kwamba unajifanya daktari. Iliyokosa kimoja tafuta namna ya kukijaza kabla ya kuendelea. Iliyokosa vyote iache, hata kama umeiona ikifanywa kwa miaka.

Barua ya kukaimu haikufanyi tabibu

Hapa ndipo wauguzi wengi hujikwaa. Mfawidhi akiondoka anaacha barua: "Unakaimu nafasi ya Mganga Mfawidhi kuanzia tarehe fulani." Muuguzi anaiweka kwenye droo na kujiona amekingwa. Barua hiyo inakupa funguo, muhuri, daftari la mahudhurio, mawasiliano na halmashauri na kuagiza dawa. Ni madaraka ya uongozi. Haikupi uwezo wa kitaaluma ambao leseni yako haina. Unaweza kukaimu ufawidhi kwa mwaka mzima na bado usiwe na ruhusa ya kushona jeraha lililofika kwenye mshipa mkubwa.

Unachohitaji ni maelekezo ya maandishi kuhusu huduma zenyewe, na njia ya kuyapata ni kuyaomba. Andika barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kupitia kwa mfawidhi wako, nakala kwa Muuguzi Mkuu wa Halmashauri. Inaweza kusomeka hivi:

"YAH: OMBI LA MAELEKEZO YA MAANDISHI KUHUSU HUDUMA NINAZOTOA WAKATI TABIBU HAYUPO

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya …, mwenye leseni namba …. Tangu mwezi wa … kituo hakina tabibu, na katika kipindi hicho nimekuwa nikitoa huduma zifuatazo: …. Nina mafunzo ya …, nakala za vyeti zimeambatishwa. Huduma ambazo wananchi wanazihitaji na sina mafunzo nazo ni: …. Naomba nielekezwe kwa maandishi ni zipi niendelee nazo, ni zipi nitolee rufaa, na ni daktari gani nimpigie simu nyakati za usiku. Naomba pia kituo kipangiwe siku za usimamizi shirikishi. Nawasilisha."

Ipeleke mwenyewe ukiweza. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe ya kupokelewa, kisha uihifadhi nyumbani, kwa sababu faili la kituo hupotea kipindi linapohitajika. Wapo watakaokuambia kwamba barua kama hii ni ukorofi. Iandike kwa adabu zote za kiofisi, lakini iandike. Mganga Mkuu aliyeipokea na kunyamaza ameshajua hali ya kituo chake, na kimya chake nacho kina tarehe.

Nasema hili bila kumung'unya: mzigo huu haukupaswa kuwa wa muuguzi. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji, na majengo mengi yakasimama kwa nguvu za wananchi waliobeba mawe na mchanga. Ikama ya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Ziko zahanati kwenye mabonde ya Kilolo na Mufindi ambako huwezi kuhesabu hata nusu ya hao. Anayefanya kazi ya tabibu kila usiku anastahili kufundishwa kazi hiyo, kutambuliwa kwa sheria na kulipwa kwayo. Mpaka hilo lifanyike, barua ndiyo kinga yako na ndiyo ushahidi wa madai yako.

Dawa: kuandika, kutoa, kuchoma

Tofautisha vitendo hivi vitatu. Kutoa dawa iliyoandikwa na mwenye mamlaka, au kuichoma, ni kazi ya uuguzi toka zamani. Kuandika ndiko kwenye mipaka. Chukua kitabu cha mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu. Kila dawa humo ina herufi: A ni ya ngazi ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni ya kanda na za kibingwa. Ukiwa zahanati na mtu akakuletea dawa ya herufi C aliyoinunua mjini akitaka umchome, sindano inaweza kuwa halali na mahali pasiwe halali. Mtake aje na karatasi ya daktari aliyemwandikia, isome, na kama dawa inahitaji uangalizi ambao kituo hakina, mrudishe kwa aliyeiandika.

Kwa yale ambayo mwongozo umekupa moja kwa moja, usisite. Mkunga anayempa mama oksitosini yuniti 10 kwenye msuli baada tu ya mtoto kuzaliwa hamsubiri daktari. Aliyefunzwa huduma za dharura za uzazi anampa mwenye kifafa cha mimba dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ndipo ampeleke mbele. Mtoto aliyepimwa kwa kipimo cha haraka akakutwa na malaria isiyo kali anapata dawa mseto kwa uzito wake. Hofu ya sheria isikufanye uchelewe kwenye mambo haya. Kuchelewa nako kunaulizwa.

Nikemee jambo moja ambalo nimeliona zaidi ya kituo kimoja. Tabibu anasaini lundo la fomu za bima au karatasi za dawa zikiwa tupu, anaondoka, na muuguzi anajaza siku nzima. Fomu ya madai ya NHIF ina sehemu ya jina, sifa na saini ya aliyemhudumia mgonjwa. Ukijaza chini ya saini ya mtu ambaye hakumwona mgonjwa, umeingia kwenye udanganyifu wa nyaraka, na anayeshikwa ni aliyejaza. Kataa kwa upole: "Dokta, naomba usiniachie hizi. Niachie namba yako, nitakupigia kwa kila mgonjwa, ukirudi utasaini." Mwenye nia njema atakuelewa. Asiyeelewa, mpelekee Muuguzi Mkuu swali hilo hilo kwa maandishi.

Maagizo ya simu, na namna ya kuandika

Usiku simu ndiyo daktari wako. Agizo la simu ni agizo halali likinaswa vizuri, na ni balaa likiachwa hewani. Mpigie, jitambulishe kwa jina na kada, toa vipimo vya mgonjwa kabla ya maoni yako, sikiliza agizo, kisha lirudie neno kwa neno mpaka aseme ndiyo. Weka sauti ya wazi ili mhudumu au mlinzi aliye nawe asikie. Andika papo hapo.

Tazama tofauti. Kwenye daftari moja utakuta: "Mgonjwa alipewa dawa kama alivyoagiza Dr. Hali nzuri." Sentensi hiyo haimlindi mtu. Nani aliagiza? Dawa gani? Saa ngapi? Nzuri kwa kipimo gani? Iandike hivi: "Saa 7:40 usiku. Mama wa miaka 24, uzazi wa pili, amejifungua saa 7:05, anatoka damu nyingi, presha 90/50, mapigo 118. Kizazi kimesuguliwa, oksitosini imetolewa, dripu imewekwa. Saa 7:44 nimempigia daktari wa zamu (jina, namba). Ameagiza … nimemrudia, amethibitisha. Shahidi: mhudumu (jina). Saa 7:46 nimepiga 115. Gari limefika saa 8:20. Mama ameondoka akiwa na presha 100/60, amesindikizwa na mimi." Dakika hizo chache za kuandika zinajibu karibu kila swali ambalo kamati ya uchunguzi itauliza.

Hiyo 115 ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao serikali iliutangaza kwa nchi nzima mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo unamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na kumlipa. Ibandike namba hiyo ukutani juu ya kitanda cha kujifungulia, pamoja na ya daktari wa zamu na ya hospitali unayotolea rufaa, iwe Ilula, Tosamaganga, Mafinga au ya Mkoa pale mjini.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, weka saini na saa. Usichane ukurasa wa daftari la MTUHA, usipake wino mweupe, usirudi kesho yake "kukamilisha" kwa kalamu nyingine. Wachunguzi huanza kuangalia hapo, na ukurasa uliochanwa unamharibia muuguzi aliyefanya kila kitu sawasawa.

Dharura

Sheria haikutaki usimame ukimtazama mtu akifa kwa kuogopa kuvuka mipaka. Fanya yale uliyofundishwa kuokoa uhai: njia ya hewa, kuzuia damu, dripu, dozi ya kwanza, kumpa mtoto mchanga pumzi kwa mfuko na barakoa. Yafanye kwa uangalifu ule ule wa mchana, huku umeshaita msaada. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inamtia hatiani anayemtibu mtu aliyekubali kumtibu kwa pupa au uzembe unaohatarisha maisha. Angalia maneno hayo: pupa na uzembe. Mgonjwa anaweza kufariki mikononi mwako na usiwe na kosa, ukiwa ulifanya kilicho ndani ya mafunzo yako, kwa wakati, na ukaita aliyekuzidi. Anayejaribu usiku upasuaji ambao hajawahi kufundishwa, akisema alikuwa anaokoa, atapata shida kuieleza mahakama.

Kumbuka pia mhudumu wa afya. Anavaa kama wewe, wananchi hawamtofautishi nawe, na zahanati nyingi humpa sindano achome foleni ikizidi. Hana leseni. Ukimwagiza kazi ya kiuguzi, wewe ndiye uliyeitoa, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kumkatalia mgonjwa bila kumvunja moyo

Sehemu ngumu kuliko zote haimo kwenye sheria. Bibi amekuja na mjukuu anayehema kwa shida, mbavu zinaingia ndani.

"Kamwene bibi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Dokta, mchome huyu sindano turudi, mvua inakuja."

"Bibi, mimi ni muuguzi. Dokta leo hayupo. Mtoto wako nimempima, mapafu yamezidiwa, anahitaji hewa ya oksijeni na hapa hatuna. Nitampa dawa ya kwanza sasa hivi ili apate nguvu ya njiani, nakuandikia barua, na gari nimeshalipigia."

"Nauli sina."

"Gari hili hulipi. Mpigie baba yake awafuate kule."

Angalia alichofanya muuguzi huyu. Amejitambulisha kwa kada yake kabla ya jambo lolote. Kuitwa dokta ni heshima ya wananchi na hakuna anayeshtakiwa kwa kuitwa, lakini ukiitikia jina hilo, ukaliandika kwenye karatasi au ukaliweka kwenye bango la duka, umeingia kwenye eneo la sheria ya 2017. Ametaja kinachokosekana badala ya kusema "siruhusiwi", neno ambalo mgonjwa hulisikia kama kufukuzwa. Ametoa dozi ya kabla ya rufaa, ambayo mwongozo unampa. Rufaa ameifanya kuwa tiba, na ndivyo ilivyo.

Nje ya kituo

Wauguzi wengi wa Iringa wana shughuli pembeni, na sitawalaumu kwa mishahara hii. Ukiwa na duka la dawa muhimu, au ukiuza ndani yake, uko chini ya Baraza la Famasi. Maduka hayo yalianzia Songea mwaka 2003 kwa ajili ya vijiji visivyo na famasi, na wauguzi wasaidizi waliopata mafunzo mafupi ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Orodha ya dawa ina mwisho wake, na kuchoma sindano dukani ni marufuku, hata kama wewe ni mkunga wa miaka 20. Ukitaka kufungua huduma yako, iwe ya uzazi au ya kuuguza wagonjwa majumbani, anza na Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kulipa kodi ya chumba, kisha ofisi ya Mganga Mkuu, kwa sababu vituo binafsi vina sheria yake toka mwaka 1977, iliyolegezwa mwaka 1991. Sindano za "nisaidie jirani" nyumbani hazina daftari, hazina msimamizi wala kabati la dharura. Mtu akipatwa na mzio sebuleni kwako hakuna mwongozo utakaokutaja.

Ukiitwa kujieleza

Barua ya kujieleza ikija, usijibu siku hiyo hiyo kwa hasira au kwa woga. Soma tarehe ya mwisho ya kujibu, toa nakala za kurasa zako zote, na uende kwa kiongozi wa tawi la chama chako cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, na kwa chama cha taaluma, TANNA au kile cha wakunga, TAMA. Andika ulichokifanya kwa mpangilio wa saa, ukitaja mwongozo na cheti kinachokuhusu kwa kila hatua. Usimtupie mwenzako lawama kwa jambo ambalo hukuliona kwa macho. Ambatisha ile barua yenye muhuri wa masjala. Shauri likifika Baraza, linaweza kuishia kwenye onyo, kusimamishwa au kufutwa jina, na tofauti baina ya hayo mara nyingi inatokana na karatasi ulizoweka kabla tatizo halijatokea.

Na ukihamishwa, usichukulie kwamba ruhusa inahama nawe. Maelekezo uliyopewa Kilolo yalikuwa ya kituo kile, na wasimamizi wale, na vifaa vile. Ukiripoti Mufindi au Mbeya, wiki ya kwanza peleka vyeti vyako vya mafunzo kwa Muuguzi Mkuu mpya, uliza ni kazi zipi za kugawana zinafanyika pale na nani msimamizi wake, na uandike barua nyingine.